Kila Mteja Kazaliwa Leo

Leo nimeaibika mbele ya vifaranga elfu sita. Watu pia walikuwepo, kama thelathini hivi, lakini vifaranga ndio walionipigia kelele muda wote.

Nianze mwanzo, maana nikianzia katikati hamtaniamini.

Mie, kwa mlioingia kwenye kundi hili juzijuzi, ni Upendo wa Kipawa. Natengeneza mifumo ya kompyuta kwa wafanyabiashara wadogo. (Mama kule Njombe anaamini natengeneza kompyuta zenyewe. Nimeshachoka kumsahihisha.) Mteja wangu mkubwa ni Bi Zuwena, mwenye kituo cha kutotolesha vifaranga Gongo la Mboto. Ni mama mtu mzima, mpole, ukoo wao wanauza na kununua tangu enzi za mababu, na ana tabia moja inayonitisha: akikasirika anaongea polepole zaidi.

Mfumo wake wa zamani ulikuwa bonge moja. Karatasi ikiisha kwenye printa, oda zinagoma. Meseji zikikwama, stoo haifunguki. Ndipo nikaja mie na maneno yangu matamu.

"Bi Zuwena," nikamwambia, "huu nitaukata vipande. Oda peke yake, stoo peke yake, printa peke yake, meseji peke yake. Vitakuwa kama majirani wema. Vitasalimiana, lakini kimoja kikiugua, kingine kinaenda kazini."

Na kweli niliukata. Mwezi uliopita meseji zililala siku nzima na vifaranga wakatoka kama kawaida. Nikajisifu humuhumu, mkaniwekea alama za moto. (Mzifute tu.)

Ila kuna kipande cha tano. Wakati wa mfungo Bi Zuwena alisema anataka mteja akija kuchukua vifaranga siku aliyozaliwa, aongezewe vifaranga kumi na atumiwe meseji ya heri. Wazo zuri. Nikalifanya haraka haraka, alasiri moja, kila mtu anawaza futari. Nilifanya hivi: mteja akifika dirishani, kipande cha oda kinakiuliza kipande cha kuzaliwa, "Huyu kazaliwa leo?" Halafu kinasubiri jibu. Kinasubiri mpaka lini? Hilo sikuliandika. Nikasema nitarekebisha Jumatatu. Sikusema Jumatatu ipi.

Sasa leo.

Leo ilikuwa siku ya vifaranga kutoka, na Bi Zuwena alimwalika shemeji yake, Bwana Hilali. Huyu bwana ana maduka matatu ya chakula cha kuku huko Temeke. Alikuja kwa mambo mawili: kuchukua vifaranga wake mia tatu, na kuuangalia mfumo wangu. Akiridhika, maduka yote matatu nayafanyia mie. Nilipiga pasi shati mara mbili.

Saa mbili asubuhi akaingia ofisini, kanzu nyeupe, kofia, miwani kwenye mfuko wa kifuani.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Ndiye wewe fundi?"

"Ndiye mie."

Nje wateja walishaanza kujipanga, bajaji na pikapu zimejaa uani. Dirishani alikaa Shabani, msimamizi wa kupakia, mtu asiye na maneno mengi. Utaratibu wake ni rahisi. Mteja anataja jina, Shabani analiandika kwenye kompyuta, karatasi inatoka inayosema apewe vifaranga wangapi, wanapakiwa, anaondoka. Vifaranga wa siku moja inabidi waondoke asubuhi kabla jua halijawa kali.

Nikamkalisha Bwana Hilali mbele ya skrini. Vipande vitano, kila kimoja na taa yake ya kijani. Nikazungumza. Nilizungumza vizuri, wallahi, mpaka nikajipenda. Kisha nikasema lile neno ambalo hakuna aliyeniomba niliseme.

"Mzee, chagua kipande chochote, ukizime. Sasa hivi, wateja wakiwa hapa hapa. Utaona vingine havishtuki."

Nilijua atachagua meseji au printa. Hivyo viwili nilishavizima mwenyewe mara kumi.

Akavaa miwani. Akasogea. "Hiki cha chini kabisa ni nini?"

"Aa, hicho cha salamu za kuzaliwa, mzee. Hicho kidogo tu. Chagua kikubwa."

"Kikubwa kila mtu anakiangalia," akasema. "Mie naangaliaga ufa. Ukuta unaonekana wenyewe."

Akabonyeza. Taa ikawa nyekundu.

Hakuna kilichotokea. Shabani nje alikuwa anapakia vifaranga wa mteja ambaye karatasi yake ilishatoka, kwa hiyo mambo yalionekana shwari kabisa. Nikafungua mikono kama mwenye nyumba anayeonyesha sebule mpya. "Mnaona? Mfumo hata haujakohoa."

Bi Zuwena akatabasamu. Bwana Hilali akatikisa kichwa kidogo, kwa kukubali.

Ndipo sauti ya Shabani ikaingia kupitia dirishani. "Sista, karatasi haitoki."

"Jaribu tena."

"Nimejaribu. Kiduara kinazunguka tu."

"Itakuwa mtandao," nikasema. (Kila aibu ya fani yetu huanza na neno hilo.)

"Mtandao upo," Bi Zuwena akasema. "Naongea na dada yangu Tanga, nimemwona mpaka hereni."

Nikakimbilia kompyuta yangu. Sikuhitaji hata dakika. Kipande cha oda kilikuwa kimesimama kama mlinzi, kimemuuliza jirani yake aliyezimwa: Mzee Kondo wa Chanika kazaliwa leo? Na kinasubiri. Kingesubiri mpaka mwisho wa dunia, kwa sababu mie ndiye niliyekiambia kisubiri.

Ikabidi niseme. Nikasema.

Bi Zuwena alipofungua mdomo, maneno yalitoka moja moja. "Mwanangu. Unaniambia vifaranga wangu hawaondoki kwa sababu hatujui Mzee Kondo kazaliwa lini?"

"Kwa kifupi, ndiyo."

"Na kwa kirefu?"

"Kwa kirefu pia ndiyo."

Nikasema hamna shida, tunakiwasha tu kile kipande kidogo. Nikakiwasha. Kikagoma. Kumbe kila kikiamka, kitu cha kwanza kinaenda kuomba orodha ya wateja kwenye kipande cha oda. Na cha oda kina shughuli: kinakisubiri hicho hicho cha kuzaliwa. Huyu anamngoja yule aongee, yule anamngoja huyu afungue.

Bwana Hilali aliinama nyuma yangu akaangalia muda mrefu. "Binti, ulisema hawa ni majirani."

"Ndiyo, mzee."

"Kumbe wameoana."

Nikainamia kibodi.

Nje foleni ilishafika getini. Vifaranga ndani ya maboksi wanapiga kelele mpaka unajisikia mkosaji. Shabani akachungulia na daftari mkononi. "Sista, tuandike kwa kalamu? Majina nayajua yote."

Hapa ndugu zangu ningesema ndiyo, hadithi ingeishia hapa na ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Nikasema, "Usiandike. Nipe dakika mbili." (Kiburi. Sina jina jingine la kukiita.)

Nikaandika mstari mmoja wa kuokoa maisha. Ulisema hivi: kipande cha oda kikiuliza na kisipojibiwa ndani ya sekunde mbili, kisisubiri tena, kijijibu chenyewe na kazi iendelee. Hiyo ndiyo dawa yake, na ndivyo nilivyopaswa kuandika tangu mwanzo. Ikabaki tu kuweka lile jibu. Bi Zuwena yuko kushoto, shemeji yake kulia, na kichwani swali nililokuwa nalo lilikuwa moja: tuendelee?

Nikaandika: ndiyo.

Karatasi ikatoka. Mzee Kondo akapakiwa. Wa pili akapakiwa. Foleni ikaanza kusogea kama haijawahi kukwama.

Bwana Hilali akavua miwani. "Umeanguka, lakini umesimama upesi," akasema. "Hilo nalo ni la kuhesabiwa." Bi Zuwena akaagiza chai na vitumbua. Nikakaa kwenye kiti cha karibu na dirisha, miguu nimeinyoosha, nakunywa chai yangu ya tangawizi, naangalia kazi ya mikono yangu.

Nikasikia nje watu wanasema "hongera".

Kwanza mmoja. Halafu wengine. Kila baada ya dakika chache: "Hongera sana." "Na wewe hongera." Vicheko. Mama mmoja akapiga kigelegele kabisa.

Nikajua wamesikia kwamba fundi ndiye aliyeokoa asubuhi yao. Nikatoa kichwa dirishani. "Asanteni," nikawaambia. "Asanteni sana, jamani, ni kazi tu." Nikapunga mkono. Wakaniangalia kidogo, kisha yule mama wa kigelegele akasema kwa upole, "Haya, na wewe hongera." Nikarudi kwenye kitumbua changu nimeridhika.

Nilipunga mkono mara mbili. Sitaki kuwaficha kitu.

Ilipokaribia saa nne foleni ilikuwa imekwisha. Amebaki Bwana Hilali peke yake, ambaye kwa ustaarabu wake alikataa kuwatangulia wateja. Akatoka uani kuchukua vifaranga wake, mie na Bi Zuwena tukamfuata. Shabani akaandika jina lake. Karatasi ikatoka. Shabani akaisoma, akaangalia meza, akaisoma tena.

"Sista," akasema, "nikuulize kitu. Leo kuna nini? Maana tangu asubuhi napakia wa zawadi tu. Kila mmoja kumi. Nikadhani labda ni promosheni."

Kabla sijajibu, simu ya Bwana Hilali ikalia kwenye kanzu. Akaitoa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya msikitini, pole pole, kila neno likasikika mpaka getini.

"Heri ya siku ya kuzaliwa, Bwana Hilali. Tumekuongezea vifaranga kumi. Tunakuthamini."

Akainua macho kwenye meza ya kupakilia. Yalibaki maboksi mawili, la pili halijajaa. Akahesabu kwa kidole, bila haraka. Vifaranga mia moja na arobaini.

"Mie nilizaliwa masika," akasema. "Leo sioni hata wingu."

Ndipo nikaelewa nilichokiandika. Kichwani mwangu swali lilikuwa "tuendelee?" Swali la mfumo lilikuwa "huyu kazaliwa leo?" Na mie nikajibu ndiyo, kwa wote, kuanzia Mzee Kondo mpaka shemeji wa mwenye mali. Akiba ya zawadi ilikwisha kitambo, Shabani akaendelea kutoa kwenye vifaranga wa oda kama karatasi ilivyomwamuru. Wateja ishirini na sita walikuwa wamezaliwa leo. Zile hongera walikuwa wanapeana wao kwa wao.

Nilitamani kuingia kwenye mashine ya kutotolesha nifunge mlango.

Bi Zuwena akaniita kwa kidole. Uani walikuwa wamebaki wateja kama tisa, wanafunga maboksi kwenye bajaji, wanapiga soga. "Waeleze," akasema. Neno moja, lakini alilitamka kwa muda mrefu sana.

Nikapanda juu ya kreti. Shati lile la pasi mbili limelowa mgongoni.

"Jamani, samahani," nikasema. "Kumetokea hitilafu kwenye mfumo. Ile zawadi ilikuwa ya aliyezaliwa leo tu. Naomba kujua, nani hapa kazaliwa leo kweli?"

Mikono tisa ikapanda juu. Na wa kumi, wa dereva wa bajaji ambaye hata vifaranga hakununua.

Mzee Kondo alikuwa mbele kabisa, fimbo kwenye mkono wa kushoto, wa kulia ameunyanyua. Nikamsogelea. "Babu, shikamoo. Kwenye kumbukumbu zetu wewe tarehe yako ni nyingine."

"Marahaba. Hiyo alinipa karani wakati wa vitambulisho," akasema. "Aliniuliza, nikamwambia sijui, akaandika anayoitaka yeye. Mama yangu alisema nilizaliwa watu wakivuna mpunga. Inaweza kuwa leo."

"Ila hatuna hakika, babu."

"Hakika huna wewe. Nimefikisha umri huu sijawahi kuambiwa heri ya kuzaliwa na mtu. Leo simu imeniambia, na imenitaja kwa jina."

Uani wakaacha kucheka. Ule ujumbe niliuandika mwenyewe alasiri ile nikiwa na haraka, na "tunakuthamini" niliiweka kujaza nafasi.

Bi Zuwena akasogea. Nilidhani anakuja kunifukuza kazi juu ya kreti. Akasema, kwa sauti yake ya kawaida, "Kilichotolewa kimetolewa. Nyumba yetu haijawahi kumpa mtu kitu dirishani ikamnyang'anya getini. Nendeni salama." Kisha akamgeukia Bwana Hilali. "Shemeji, wako nitakutimizia kwa watakaototolewa Ijumaa. Nisamehe."

Bwana Hilali akasema hakuna neno. Lakini alisema huku anaangalia yale maboksi mawili, na mabanda yake huko Temeke yalishawashwa joto tangu jana.

Mzee Kondo aliona. Akafungua boksi lake la juu, akaanza kuwatoa vifaranga, mmoja mmoja, kwa zile kucha nene za mkulima, kwa uangalifu ungedhani mayai. Kumi. Akawaweka kwenye boksi la Bwana Hilali. "Heri nimeshaambiwa," akasema, "hiyo hairudi kwenye boksi." Mama wa kigelegele akatoa kumi wake, na mama mwingine wa Pugu akatoa. Wengine wakajifanya kamba za maboksi zimekaza sana. Bwana Hilali akafikisha mia moja na sabini.

Mie nikarudi ofisini, nikafunga mlango, nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya zile Jumatatu zote. Sasa kipande cha oda hakimuulizi mtu. Kinaandika "fulani kachukua vifaranga", kinaliacha pale, kinaendelea na mteja mwingine. Kipande cha kuzaliwa, kikiwa macho, kinakuja kusoma kwa wakati wake. Kikikuta aliyezaliwa leo, kinamwandalia zawadi achukue safari ijayo. Kikilala, kilale. Na orodha ya wateja kina nakala yake, hakigongi mlango wa mtu kikiamka.

Nilipomaliza nikainua kichwa nikamkuta Bwana Hilali kasimama mlangoni. Nilidhani alishaondoka.

"Tayari?" akauliza.

"Tayari, mzee."

Akavuta kiti. Akavaa miwani. Akakizima kile cha chini, akamwambia Shabani aandike jina la kujaribia. Karatasi ikatoka. Akakiwasha, akazima cha meseji. Karatasi ikatoka. Akazima stoo. Ikatoka. Akazima printa, Shabani akasema oda imeingia, inasubiri tu kuchapwa. Mwisho akazima vitatu kwa mpigo, jambo ambalo mie sijawahi kulijaribu, na nikajikuta nasali sala ya Baba Yetu kimoyomoyo pembeni ya mtu aliyevaa kanzu. Oda ikaingia.

Akasimama. "Nitakupa duka moja," akasema. "Moja kwanza. Yale mawili tutazungumza."

"Asante sana, mzee."

"Na usiweke salamu."

Jioni hii Shabani kanipigia simu. Anasema wateja wanne wameshapiga kuomba tarehe zao za kuzaliwa zirekebishwe, karani alikosea, na wote wanne tarehe yao sahihi inaangukia Ijumaa. Bi Zuwena kamwambia aniulize kama mfumo unaruhusu.

Nimemjibu hauruhusu. Nimesema uongo, unaruhusu, ila hilo nitalirekebisha leo leo kabla sijalala.

Somo ni fupi: kabla hujamwambia mtu azime chochote anachotaka, zima vyote wewe kwanza, ukiwa peke yako, mlango umeufunga kwa komeo.